Kuvisha Upya Jengo Kuukuu la Chuo Kikuu, Hatua kwa Hatua

Maswali ni yale yale matatu, na hayaishi. "Tukibadilisha madirisha peke yake haitoshi?" "Lazima wanafunzi wahame?" Na la tatu, ambalo huja pesa zikishakwisha: "Mbona ukuta mpya unatoa jasho?" Nimechoka kumjibu kila mtu kivyake, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Mwongozo huu ni wako ikiwa umekabidhiwa jengo la zege la miaka ya 1960 au 1970: ghorofa tano hadi kumi na tano, kuta nyembamba, fremu za chuma au alumini, kioo cha tabaka moja. Upande mmoja vyumba vinachemka, upande wa pili watu wanakaa na makoti darasani. Kuvisha upya ni kuondoa au kufunika ganda lote la nje, yaani kuta, madirisha na maungio yake, na kuweka jingine bila kugusa mifupa ya jengo. Mafundi wengi huliita ganda hilo kladingi.

Kabla hatujaenda mbali, shika hili: ganda jipya ni nadra kuharibikia kwenye paneli. Huharibikia kwenye mishono, pale dirisha linapokutana na ukuta, ukuta na paa, kishikizo (kipande kinachoshikilia ganda ukutani) na zege. Paneli imetengenezwa kiwandani na mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Mshono unatengenezwa juu ya jukwaa, upepo unavuma, na fundi anataka kushuka kabla mvua haijafika. Ndiyo maana hatua ya 4 na ya 7 zinahusu mishono. Usiziruke.

Viwe mkononi kabla ya kuanza

- Michoro ya awali, hasa ya miundo. Itumie kama ushahidi wa mtu aliyeona tukio kwa mbali: inasaidia, lakini lazima uhakikishe.
- Bili za nishati za miaka mitatu. Kama mita inarekodi kila nusu saa, omba rekodi zote.
- Ripoti ya uchunguzi wa asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu) na ya PCB (kemikali zenye sumu). Asbesto hupatikana kwenye bodi za ukutani, vigae na vizibio vya zamani, yaani vitu laini vya kuzibia mianya. PCB ziliwekwa kwenye vizibio vya maungio kuanzia miaka ya 1950 hadi 1970. Hakuna mtu kutoboa popote kabla ripoti hiyo haijasomwa.
- Msanifu majengo, mhandisi wa miundo, mhandisi wa mitambo, mkadiriaji majenzi, mtaalamu wa moto, na mtu anayejua maganda ya majengo kwa undani. Huyo wa mwisho ndiye anayekatwa kwanza kwenye bajeti, na ndiye utakayemtafuta kwa simu usiku.
- Kalenda ya chuo: mitihani, mahafali, likizo.
- Kamera ya joto, virekodi joto vidogo ishirini hivi, na kisu cha mfukoni.
- Fungu la tahadhari. Kwa jengo la umri huu mimi sianzi na chini ya asilimia 15, maana ukutani humo hamkosi jambo.

Hatua ya 1. Lipime jengo kabla ya kuligusa

Tawanya virekodi joto vyumbani: kila upande, ghorofa ya chini, ya kati na ya juu, na vyumba vya kona. Mwaka mzima ndio bora. Ukikosa muda, chukua walau mwezi wa joto kali na mwezi wa baridi kali.

Kisha soma mita ya saa tisa usiku. Kama umeme wa saa hiyo unakaribia ule wa mchana, ugonjwa wako mkubwa hauko ukutani. Majengo ya maabara hasa yana makabati ya kuvuta moshi yanayotoa hewa nje usiku kucha, na hewa hiyo ilishapashwa moto au kupozwa kwa pesa za chuo. Ganda jipya haliponyi hilo. Rekebisha mitambo kwanza, ndipo ujue ukuta unakudai kiasi gani.

Fanya pia jaribio la mvujo wa hewa. Feni kubwa hufungwa mlangoni, ikaweka tofauti ya mgandamizo ya paskali 50 kati ya ndani na nje, sawa na upepo wa mita 9 hivi kwa sekunde ukipiga jengo pande zote kwa pamoja. Wakati feni inazunguka, pita na kalamu ya moshi kwenye fremu, soketi, dari na mabomba. Moshi ukikimbia, weka alama kwenye mchoro.

Halafu ongea na watu. Mhudumu wa usafi anajua dirisha linaloingiza maji, kwa sababu yeye ndiye anayeyadeki. Katika jengo moja nililosimamia, wanafunzi walikuwa wamebandika maboksi kwenye vioo kujikinga na jua. Nilisimama nje saa kumi jioni nikayahesabu dirisha kwa dirisha, na ile ramani ya maboksi ilikuja kulingana na hesabu ya jua iliyofanywa na kompyuta miezi miwili baadaye.

Hatua ya 2. Panda ukutani, ufungue

Usiamini ukuta uliouona kutoka chini. Fungua walau sehemu moja kwa kila upande wa jengo na kwa kila aina ya mshono. Toa paneli, angalia vishikizo, piga picha, funga.

Unatafuta mambo matatu. La kwanza ni hali ya vishikizo: vimeshika kutu, vimelegea, au havipo kabisa pale mchoro unaposema vipo. La pili ni vizibio. Kata kipande kwa kisu. Kizibio kizima hurudi ukikivuta. Kilichokufa hutoka chote mkononi kama kamba ya kiatu kuukuu, kikavu upande mmoja na chenye tope upande wa pili.

La tatu ni zege lenyewe. Vunja kipande kidogo na unyunyizie fenofithalini, kemikali inayobadili rangi, pale palipovunjika hivi punde. Zege ambalo bado linalinda nondo hugeuka waridi. Lililoliwa na hewa ya ukaa hubaki na rangi yake ya kijivu. Kama ukanda wa kijivu umefika kwenye nondo, kutu iko njiani au imeshafika, na lazima zege litengenezwe kabla ya kufunikwa. Ukilifunika hivyo hivyo, umefungia mchwa ndani ya kabati.

Ili uone uzito wa hatua hii, kumbuka jengo la Aon Center la Chicago, ambalo zamani liliitwa Standard Oil. Lilivikwa vigae vyembamba vya marumaru ya Carrara, na kwa miaka vigae hivyo vikapinda kwa joto na baridi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikabidi ganda lote, vipande takriban 43,000, livuliwe na kuwekwa itale. Marumaru yenyewe ilikuwa nzuri. Ilikatwa nyembamba mno kwa hali ya hewa ya pale.

Tahadhari: fanya jaribio la kuvuta kwa bolti utakazotumia, kwenye zege lako, si kwenye jedwali la muuzaji. Zege la ghorofa ya tatu linaweza kuwa dhaifu kuliko la ghorofa ya saba, kwa sababu lilimwagwa siku nyingine na watu wengine.

Hatua ya 3. Amua: kuvua, kuvisha juu, au kuvisha kwa ndani

Kuvisha juu ya ukuta uliopo ndiyo njia ya haraka na yenye kelele kidogo. Inafaa pale ukuta wa zege au tofali ni mzima na unaweza kubeba uzito wa ziada. Watu wanaweza kubaki ndani kwa sehemu kubwa ya kazi.

Kuvua kabisa ni kwa majengo ambayo ganda lake ni fremu za alumini na vioo vilivyoning'inizwa kwenye slabu, yaani sakafu za zege. Fremu hizo hazitengenezeki. Jengo la kemia la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna, la miaka ya 1970, lilivuliwa na kuvikwa ganda jipya lenye paneli za umeme wa jua, likafunguliwa 2014 kama jengo la ofisi lililokusudiwa kuzalisha nishati zaidi kuliko inayotumika. Wanaolitaja husahau kwamba waliokuwa kazini pale walipunguza pia ulaji wa vifaa vya ndani kimoja baada ya kingine. Ukuta peke yake usingefika huko.

Kuvisha kwa ndani ni chaguo la mwisho, pale sheria ya kulinda majengo ya kihistoria inapokataza kugusa sura ya nje. Hupunguza vyumba, na kwenye nchi za baridi huacha ukuta wa zamani ukiwa baridi na unyevu zaidi kuliko mwanzo.

Na madirisha peke yake? Yanatosha kama kuta tayari zina kihami joto (nyenzo inayozuia joto lisipite) na vipimo vya hatua ya 1 vinaonyesha kwamba tatizo liko kwenye vioo. Katika majengo ya kizazi hiki hiyo ni bahati. Mara nyingi ukibana madirisha na kuacha ukuta wa zege mtupu, mvuke uliokuwa ukitoroka kwenye mianya unabaki ndani, unatafuta mahali pengine pa baridi, na unapapata kwenye kona nyuma ya kabati la vitabu.

Hatua ya 4. Chora mishono

Chukua mchoro wa mkato wa jengo na kalamu nne za rangi. Rangi moja ni ya maji ya mvua, ya pili ni ya hewa, ya tatu ya joto, ya nne ya mvuke. Kwa kila rangi, chora mstari unaozuia kitu hicho, kuanzia msingi, upande ukutani, upite kwenye dirisha, uvuke paa, ushuke upande wa pili. Usinyanyue kalamu. Popote kalamu inaponyanyuka, pana tundu kwenye jengo lako.

Nimewahi kufanya zoezi hili na timu iliyokwisha kuchora karatasi zaidi ya mia. Kalamu ya hewa ilinyanyuka mara kumi na moja. Tisa kati ya hizo zilikuwa sehemu moja inayojirudia, ubavu wa dirisha. Kila mtu alidhani mwenzake ameichora.

Baada ya hapo dai michoro ya karibu, kwa kipimo cha 1:5, ya kila mahali pafuatapo: kichwa cha dirisha, kizingiti, ubavu, kona ya nje, kona ya ndani, ukingo wa paa, ukuta unapogusa ardhi, slabu ya baraza inayotokeza, bomba linalopenya, na mwanya wa upanuzi wa jengo lenyewe. Mkandarasi akikuambia "hiyo tutaimaliza saiti", mwambie haitamalizwa saiti.

Mambo manne hukosewa karibu kila mara:

*Vishikizo.* Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 4,000 kuliko sufi ya mawe, kihami cha nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa. Ukutoboa kihami chako kwa vishikizo vinene vya alumini kila nusu mita, theluthi ya kazi ya kihami inaweza kupotea, wakati mwingine nusu. Tumia chuma kisichoshika kutu, ambacho hupitisha joto kama sehemu moja ya kumi ya alumini, weka pedi ya plastiki ngumu kati ya kishikizo na zege, na mwombe mhandisi apunguze idadi ya vishikizo. Hesabu ya joto iwe ya ukuta pamoja na vishikizo vyake. Hesabu ya kihami kitupu ni ya kuuzia.

*Dirisha limewekwa mahali pa zamani.* Kihami kimesogea nje sentimita kumi na tano, dirisha limebaki ndani ya zege. Ubavu wa zege unabaki uchi pembeni mwake. Sogeza dirisha nje lilingane na kihami, au vika ubavu huo kihami mpaka kiguse fremu.

*Utando wa mvuke uko upande usiofaa.* Nchi za baridi, mvuke hutoka ndani kwenda nje, na utando hukaa upande wa ndani. Nchi za joto na unyevu zenye viyoyozi, mvuke husukuma kutoka nje kuingia ndani, na mambo hugeuka. Mchoro mzuri ulionakiliwa kutoka hali nyingine ya hewa huoza ukuta wako polepole, na hutajua mpaka harufu itokee.

*Hakuna nafasi ya kutanuka.* Paneli ya alumini ya mita 3, rangi nyeusi, ikipita tofauti ya nyuzijoto 60 kati ya usiku wa baridi na jua la mchana, hutanuka milimita 4 na ushei. Zege nyuma yake hutanuka kama nusu kwa kila nyuzijoto, nalo halipati jua lile. Tundu moja la skrubu liwe la kushika, mengine yawe marefu ili paneli iteleze. Ukikaza yote, paneli itapinda, au usiku utasikia jengo likigonga kama mtu anabisha hodi.

Hatua ya 5. Chagua nyenzo, moto kwanza

Tarehe 14 Juni 2017 moto ulipanda kwenye ganda la Grenfell Tower, London, jengo lililokuwa limevikwa upya mwaka mmoja tu nyuma. Watu 72 walikufa. Paneli zake zilikuwa alumini mbili nyembamba zenye plastiki ya polithini katikati. Novemba 2019 moto ulipanda tena kwenye ganda la hosteli ya wanafunzi mjini Bolton, safari hii paneli za aina nyingine. Wote walitoka hai.

Kwa hiyo usiulize rangi kabla hujauliza daraja la moto. Kwa mfumo wa Ulaya, taka A1 au A2-s1,d0 (haiungui au karibu haiungui, moshi kidogo, haidondoshi matone ya moto) kwa paneli na kwa kihami pia. Uingereza ilipiga marufuku nyenzo zinazoungua kwenye kuta za nje za majengo ya makazi yanayozidi mita 18 mwishoni mwa 2018, hosteli za wanafunzi zikiwemo. Hata kama sheria ya kwako inaruhusu zaidi, mimi hapo sibishani: sufi ya mawe. Povu gumu ni jembamba zaidi kwa kazi ile ile, lakini sentimita chache za nafasi si hoja mbele ya ngazi zilizojaa wanafunzi.

Uwazi wa hewa nyuma ya paneli, wa milimita 25 hadi 50, huondoa unyevu vizuri sana. Moto nao hupenda uwazi huo, kwa kuwa ni bomba la moshi lililosimama. Weka vizuizi vya moto kwenye kila ghorofa na kuzunguka kila dirisha, aina inayovimba ikipata joto na kuziba uwazi. Vikague mwenyewe kabla paneli hazijafunika. Nimevikuta vimewekwa juu chini, nimevikuta vimekatwa vifupi, na mara moja nimevikuta bado viko ndani ya boksi lake, limekaa vizuri kwenye jukwaa la ghorofa ya nne.

Hatua ya 6. Kioo, kivuli na hewa, kwa pamoja

Chukua chumba chenye nyuzijoto 21 wakati nje ni sifuri. Uso wa ndani wa kioo cha tabaka moja utakuwa kama nyuzijoto 5. Kioo cha tabaka mbili chenye utando wa kurudisha joto na gesi ya agoni kitakuwa kama 18. Kipimajoto cha ukutani kinasoma 21 kote kuwili, lakini anayekaa jirani na kioo cha kwanza anatetemeka. Ndiyo sababu watu huongeza moto kwenye chumba ambacho kwenye karatasi tayari kina joto la kutosha.

Upande wa jua kali, hesabu inageuka. Kinachokuumiza huko ni mwanga unaoingia na kubaki. Kivuli cha nje, luva (vipande vyembamba vilivyopangwa sambamba) au mabango (vibao vinavyotokeza ukutani), hukata joto kabla halijapita kioo. Pazia la ndani hulikamata likiwa limeshaingia. Weka kivuli kwa upande: pande za jua la asubuhi na la jioni zinataka luva za wima, kwa sababu jua liko chini na huteleza chini ya bango la mlalo. Msanifu atataka pande zote zifanane kwa ajili ya picha. Kataa kwa upole.

Sasa hewa. Jengo la zamani lilipumua kwa mianya yake, na wewe unakwenda kuiziba. Darasa la watu 200 waliokaa hutoa joto la kilowati 20 hivi, na linahitaji hewa safi ya kama lita 8 hadi 10 kwa sekunde kwa kila mtu. Kama hujapanga madirisha yanayofunguka au mitambo ya hewa, umejenga chupa. Kazi ya hewa iingie kwenye mkataba ule ule wa ganda, isiwe "awamu ya pili". Awamu ya pili huwa haifiki.

Hatua ya 7. Jenga sampuli ya ukubwa halisi, kisha jaribu kuivunja

Hakuna pesa utakayoitumia vizuri kuliko hii. Jenga kipande cha ganda lenye dirisha moja zima, kona moja, na mshono wa ghorofa, kikamilifu, kwa mikono ya mafundi wale wale watakaofanya kazi, si ya fundi bingwa aliyeletwa kwa siku moja.

Kimwagie maji. Anza chini kwenda juu, mshono mmoja kwa dakika tano hivi, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Ukianza juu, maji yatateremka yalowanishe kila kitu na hutajua yameingilia wapi. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, tulikaa dakika ishirini pakavu kabisa, tukaanza kupongezana. Kisha tone moja likatokea kona ya chini kushoto ya fremu, likaning'inia, likaanguka. Matundu ya kutolea maji yalikuwa yamezibwa na silikoni na fundi aliyependa kazi safi. Jengo lile lilikuwa na madirisha 412. Tone lile liliokoa 411.

Sampuli ikifaulu, iache isimame mpaka mwisho wa mradi. Ndiyo itakayoamua ubishi wote.

Hatua ya 8. Panga ratiba na watu wa ndani

Jibu la swali la pili: si lazima wahame wote, lakini usiwaahidi kwamba hawataguswa. Fanya kazi kwa mistari ya wima, upande mmoja kwa wakati, na uwe na vyumba vya akiba vya kuhamishia watu wiki mbili tatu wakati dirisha lao linatolewa.

Kutoboa zege ndiyo kelele mbaya kuliko zote, kwa sababu husafiri kwenye nondo na kusikika ghorofa tano mbali. Ikae kwenye likizo au kabla ya vipindi. Uliza mapema wenye darubini za elektroni na leza, maana mtikisiko mdogo tu huwaharibia kipimo cha wiki nzima. Na hakikisha matundu ya kuingizia hewa ya mitambo yamefunikwa na kuchujwa wakati wa kuvua, ama vumbi la ukuta litaingia madarasani kwa mlango wa mbele.

Hatua ya 9. Funga kwa mpangilio huu

Tengeneza zege. Weka utando wa hewa na maji juu ya ukuta wote mpaka ndani ya mabavu ya madirisha. Funga vishikizo na uzibe kila kimoja kinapopenya utando. Weka madirisha na uyaunge na utando. Fanya jaribio la hewa hapo hapo, wakati kila kitu bado kinaonekana. Kisha kihami, kikibana kila kishikizo bila mwanya. Kisha vizuizi vya moto. Picha za kila ghorofa, zenye namba. Paneli mwisho.

Tahadhari: sufi ya mawe isiachwe wazi kwenye mvua kwa wiki. Fungua tu kiasi unachoweza kufunika.

Hatua ya 10. Pima tena, na punguza mitambo

Rudia jaribio la hewa na picha za kamera ya joto. Kisha mwite mhandisi wa mitambo apange upya kila kitu: saa za kuwaka, joto la maji, kasi ya feni. Jengo jipya lenye mipangilio ya zamani litapasha moto kupita kiasi, watu watafungua madirisha, na bili haitashuka. Virekodi joto vile vya hatua ya 1 vibaki palepale kwa kipindi chote cha matazamio (muda ambao mkandarasi bado anawajibika kwa kasoro), ili mkandarasi akirudi muwe na namba mezani.

Ukikwama

*Kioo kinatoa jasho kwa ndani.* Hewa haitoshi chumbani, au ukingo wa fremu ni baridi. Pima unyevu kwanza. Ukiwa juu ya asilimia 60 wakati wa baridi, shughulikia hewa. Ukiwa chini na jasho lipo pembeni tu, angalia ubavu wa dirisha.

*Jasho liko kati ya tabaka mbili za kioo.* Muhuri umekufa. Kioo kibadilishwe kwa dhamana, hakitengenezeki.

*Jasho liko upande wa nje asubuhi.* Acha. Ni dalili kwamba joto la ndani halifiki nje.

*Ukungu (kuvu) kwenye kona moja tu.* Tafuta kishikizo kikubwa, slabu inayotokeza, au kihami kilichosahaulika. Kamera ya joto, alfajiri, kabla jua halijagusa ukuta.

*Maji yanaingia upepo ukivuma, mvua tupu haileti shida.* Mstari wa hewa una tundu, na upepo unasukuma maji kulipitia. Usipake silikoni kwa nje. Utaziba njia ya maji kutoka, na yatatafuta njia ya kuingia.

*Jengo linagonga usiku.* Skrubu zimekazwa zote. Legeza za upande mmoja.

*Vyumba vya juu bado ni moto.* Huenda si ukuta kabisa. Panda uangalie kihami cha paa, kitu ambacho kila mtu alidhani kipo kwenye mkataba wa mtu mwingine.

*Bili haijashuka.* Rudi kwenye mita ya saa tisa usiku.